Unga Ukipanda Bei Umeshachelewa: Weka Nafaka Mapema, Hata Kama Unaishi Bedsita

Kuna wiki moja ya Julai 2022 ambayo kila msee aliyekuwa akijipikia Nairobi anaikumbuka. Pakiti ya kilo mbili ya unga wa ugali ilikuwa imevuka shilingi 200. Ghafla serikali ikatangaza kwamba pakiti hiyo hiyo itauzwa shilingi 100 kwa wiki nne. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebakisha kama wiki tatu. Watu wakatoka mbio hadi madukani na wengi wakapata rafu tupu. Unga wa mia ulikuwa kwa habari za saa moja, si kwa duka. Uchaguzi ukaisha, serikali mpya ikaingia Septemba, ruzuku ikaondolewa, tukarudi kununua kwa bei ya kuuma.

Kama 2022 ulikuwa bado unapikiwa na mathe, waulize waliojipikia 2017. Mwaka huo pia kulikuwa na unga wa ruzuku, shilingi 90 kwa kilo mbili. Mwaka huo pia ulikuwa wa uchaguzi. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba mara mbili ndani ya miaka mitano tulisubiri bei ishushwe kutoka juu, na mara zote mbili msaada ulikuja wakati sufuria imeshakauka.

Kwa hivyo mvua ikianza kukataa na watu wa hali ya hewa wakianza yale maneno yao ya "chini ya wastani", mtaani kila mtu hugeuka kuwa mtaalamu. Ushauri ni mmoja: nunua unga mwingi uweke. Nusu ya ushauri huo ni sawa. Kuweka ni sawa. Unga ndio si sawa, na wakati ambao wengi hununua pia si sawa.

Tuanze na wakati. Mahindi mengi yanayouzwa Kenya hutoka kaskazini mwa Bonde la Ufa, kwa sana Trans Nzoia na Uasin Gishu. Hupandwa Machi na Aprili mvua ya masika ikianza, na huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, mengine yakiingia Januari. Sasa fikiria mkulima wa huko. Amevuna Novemba, ana deni la mbolea, na Januari inakuja na karo. Anauza haraka, mara nyingine mahindi yakiwa hata hayajakauka vizuri. Broka anajua hivyo, kwa hivyo anakuja na bei yake mfukoni. Broka huyo ana stoo. Mkulima hana, na wewe huna. Kufika Juni na Julai maghala ya wakulima ni matupu, mavuno mapya bado yako shambani, na mwenye stoo ndiye anayetaja bei. Utashangaa kwamba mkulima yule yule aliyeuza gunia Novemba huwa kwa foleni ya duka Julai akinunua unga wa pakiti kama wewe.

Huo ni mwaka wa kawaida. Mvua ikikataa, pengo hilo linakuja mapema na linakuwa refu. Kuanzia Oktoba 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kaskazini na mashariki mwa nchi, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 40. Ongeza mbolea iliyopanda bei na vita vya Ukraine. Ile bei ya Julai 2022 haikuanguka kutoka mbinguni. Ilikuwa inakuja polepole tangu mwaka uliotangulia, na aliyekuwa akiangalia aliiona.

Wakamba wana jina la njaa moja ya mwanzoni mwa miaka ya 1980: Nikw'a Ngwete. Maana yake ni kama "nakufa huku nimeshika", yaani pesa iko mkononi lakini chakula cha kununua hakipo. Mimi hilo jina hunifanya nifikirie kuliko takwimu yoyote. Sisi wa mjini tunaamini kwamba M-Pesa ikiwa na kitu, chakula kipo. Miaka michache baadaye, 1984, ukame ulikuwa mkali hadi nchi ikalishwa mahindi ya manjano kutoka nje. Muulize mzee yeyote wa umri huo kuhusu ugali wa manjano uone vile atakunja uso.

Sasa turudi kwa keja yako. Najua unachosema: mimi nalipwa kwa siku, gunia nitanunua na nini? Hilo ni swali halali. Wengi wetu tunaishi kwa kadogo. Unga wa kupimiwa, mafuta ya kupimiwa, sukari ya kufungwa kwa karatasi. Shida ya kadogo ni kwamba ni bei ya juu iliyovaa nguo za bei ya chini. Jumlisha zile robo robo unazonunua hadi zifike kilo mbili, kisha ulinganishe na pakiti nzima. Na ukinunua kwa siku, kila bei inapopanda wewe ndiye unahisi wa kwanza, siku hiyo hiyo.

Dawa ninayoiamini ni watu wanne na gunia moja. Si lazima muwe marafiki wa kufa na kuzikana; majirani wa ploti wanatosha, mradi mnaaminiana na pesa kidogo. Kuanzia Agosti hadi mwisho wa Novemba, kila mtu aweke shilingi 20 kwa siku. Hiyo ni kama 2,400 kwa kila mmoja, 9,600 kwa wote wanne. Hata kama msimu ni mbaya na gunia la kilo 90 limefika 6,000, bado mna 3,600 za usafiri, vyombo vya kuwekea, na maharagwe. Likiwa chini ya hapo, ongezeni ndengu.

Mkigawana gunia, kila mmoja anapata kilo 22 na nusu. Mtu mmoja anayekula ugali mara moja kwa siku humaliza karibu kilo mbili za unga kwa wiki, kutegemea ukubwa wa tonge lake. Kwa hivyo hiyo share ni wiki 11. Si mwaka mzima, ni kweli. Lakini ukiifunga Desemba usiiguse hadi bei ianze wazimu Mei au Juni, umevuka kipindi kibaya kabisa huku majirani wakilia. Na kumbuka posho mill haikutolei pumba: unapeleka mahindi kilo mbili, unarudi na unga karibu kilo mbili. Kujua kama unaokoa kitu, gawa bei ya gunia kwa 90, zidisha mara mbili, ongeza ya kusaga na ya usafiri, halafu tazama bei ya pakiti kwa duka. Hesabu ikikataa, nunua pakiti, hakuna mtu atakucheka.

Mahindi yatoke wapi? Kama una watu Kitale, Moi's Bridge au popote huko juu, piga simu kabla ya mavuno, si baada. Mkulima akijua kuna mtu wa Nairobi anachukua gunia kwa bei nzuri kidogo kuliko ya broka, atakuwekea lililokauka. Asiye na watu, Nyamakima ipo, na Mombasa kuna Kongowea. Ukinunua kwa gorogoro badala ya gunia, angalia mkebe wenyewe. Gorogoro ni ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, na kuna yenye sehemu ya chini iliyogongwa ikaingia ndani kama imepigwa teke. Gunia la kilo 90 linatoa gorogoro kati ya 40 na 45, kulingana na mkebe na mkono wa anayepima. Muulize mama kwa heshima akupimie na mkebe mwingine, huwa wanajua unachomaanisha.

Hapa ndipo nataka usome polepole, kwa sababu nafaka ikiwekwa vibaya inaweza kukuua, na sifanyi chumvi.

Mwaka wa 2004, sanasana Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sababu ya mahindi yenye aflatoksini, ile sumu ambayo wengine huiita sumukuvu. Mahindi hayo hayakutoka mbali. Mengi yalikuwa ya nyumbani, yakavunwa na kuwekwa ndani yakiwa na unyevu, maana watu waliogopa njaa na wezi. Yaani walifanya hicho hicho tunachotaka kufanya: kuweka akiba. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu. Haina ladha unayoweza kuitegemea, na haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kusonga ugali hadi uive vizuri. Kula nyingi kwa mara moja inashambulia ini na unaweza kufa. Kula kidogo kidogo kwa miaka kunaleta saratani ya ini. Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa lilisimamisha aina tano za unga wa pakiti kwa sababu ya sumu hii, kwa hivyo si shida ya watu wa shags peke yao.

Kuvu hupenda maji. Mahindi ya kuwekwa yanafaa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Wenye mashine wanapima na mashine. Wewe una chupa ya glasi na chumvi. Kausha chupa kabisa, tia mahindi yajaze kama theluthi, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, kisha iache robo saa. Chumvi ikinata kwa ukuta wa chupa, mahindi yana maji. Ikianguka yote chini, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Lakini 15 si 13.5, kwa hivyo hata yakipita mtihani wa chumvi, yaanike siku moja au mbili zaidi juu ya paa la ploti. Tumia turubai, usiyamwage kwa simiti tupu, na uyatoe kabla ya umande wa jioni. Huku yakikauka, kaeni chini mchague. Punje iliyooza, iliyobadilika rangi, iliyovunjika, yenye ukungu wa kijani au kijivu, itupe. Usimpe mama wa ghorofa ya chini akalishe kuku. Tupa. Na gunia lenye harufu ya uvundo, acha huko huko kwa muuzaji hata akikuteremshia bei nusu.

Na kuanika hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Kunazuia mpya tu.

Adui wa pili ni wadudu. Kuna fukusi wa kawaida, na kuna yule mharibifu ambaye wakulima wamembatiza Osama. Jirani yangu mmoja aliegemeza gunia kwa ukuta nyuma ya mlango, akafurahi hadi Machi, alipolifungua likawa nusu mahindi nusu poda. Maduka ya agroveti huuza dawa ya unga ya kuchanganya na mahindi, na ukifuata maelezo ya pakiti na muda wa kusubiri inafanya kazi. Lakini kitu kimoja naomba tuelewane: vile vidonge vinavyotoa mvuke wa sumu wa kuua wadudu ghalani, usivilete ndani ya chumba unacholala. Kamwe. Mvuke huo unaua watu, na bedsita haina stoo ya mbali.

Njia isiyo na dawa ni kunyima wadudu hewa. Kuna magunia ya kuhifadhia yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na gunia la kawaida nje. Ukijaza na kufunga kila mfuko kivyake, wadudu waliomo wanatumia hewa yote wenyewe kisha wanakufa. Uliza agroveti gunia lisilopitisha hewa, mara nyingi ni kama shilingi 250 au 300, na unaweza kulitumia tena likiwa halijatoboka. Shida yake ni panya. Liinue kwa mbao, usiliegemeze kwa ukuta.

Kwa keja ndogo mimi napendelea mtungi wa plastiki wa lita 20, ule wa maji. Panya hawezi kuutoboa kirahisi na unaingia chini ya kitanda. Uwe uliwahi kubeba maji au mafuta ya kupikia pekee, usiwe ulikuwa na kemikali, na uoshwe na kukauka hadi ndani kabisa. Mtungi huo unameza karibu kilo 15 za mahindi. Zile kilo 7 na nusu zinazobaki kwa share yako zinaingia kwa chupa tano za soda za lita mbili. Kata chupa ya sita uifanye mrija wa kumiminia. Jaza hadi shingoni, maana nafasi inayobaki ni hewa, na hewa ni uhai wa fukusi. Kaza kifuniko, andika tarehe kwa maka, kisha usifungue. Hii ya kufungua kila wiki kuchungulia kama bado yapo ndiyo inarudisha hewa ndani. Chupa ndogo ndizo za kuanza nazo: unafungua moja, unapeleka posho mill, nyingine zinabaki zimefungwa.

Kwa nini nasisitiza mahindi na si unga? Unga wa posho una kiini chote cha mahindi, na kiini kina mafuta. Ukikaa mwezi mmoja, miwili, hasa kwa chumba chenye joto la mabati, unaanza uchungu. Wa pakiti unaokobolewa hukaa zaidi, lakini una tarehe yake na karatasi yake ni mlango wazi kwa wadudu. Mahindi mazima makavu yanakaa hadi mwaka mwingine. Saga kidogo kidogo, ya wiki moja au mbili.

Maharagwe yanafuata njia ile ile ya mtungi, ila yana tabia yao. Yakikaa sana mahali penye joto yanakuwa magumu, unayachemsha asubuhi hadi jioni na bado yanakuangalia. Gesi unayochoma inameza pesa yote uliyookoa. Kwa hivyo usiweke ya zaidi ya miezi mitano sita, loweka usiku kucha kabla ya kupika, na pika mengi mara moja. Ndengu zinaiva haraka, na kwa mtu wa gesi ya kilo sita ningeziweka mbele ya rosecoco. Mchele mweupe hauna maneno, unakaa vizuri ukiwa mkavu na umefunikwa. Omena ni za wiki chache tu. Zikivuta unyevu zinaoza. Mafuta yaweke gizani. Chumvi haina shida na mtu.

Kuna wanaosema kwamba kuweka chakula ni uroho, ni kuwanyima wengine. Inategemea tarehe. Ukinunua gunia Desemba, wakati soko limejaa na mkulima anatafuta mnunuzi, humnyimi mtu. Labda hata umemsaidia asiuze kwa bei ya broka. Ukikimbia dukani Julai ukabeba pakiti 15 kwa sababu umesikia kwa WhatsApp kwamba unga unaisha, hapo ndiyo unamnyima yule mama mwenye shilingi mia moja na watoto watatu, na pia umenunua kwa bei mbaya kuliko zote za mwaka. Vitendo viwili vinafanana kwa macho lakini vimeachana kwa miezi saba.

Dalili za kuangalia ni chache. Utabiri wa Machi hadi Mei hutolewa kabla ya masika kuanza, na ndio wa mahindi ya Bonde la Ufa. Ule wa Oktoba hadi Desemba ni wa Ukambani na mashariki. Sikiliza pia kuhusu viwavi jeshi, ambao wako nasi tangu 2017, na kuhusu mipaka. Kenya haijitoshelezi kwa mahindi, tunategemea Uganda na Tanzania kujaza pengo. Machi 2021 uagizaji kutoka nchi hizo ulisimamishwa kwa sababu ya aflatoksini, na hata ingawa ulifunguliwa baada ya siku chache kwa masharti, soko lilishtuka. Na kufikia Agosti, ukienda shags kwa mazishi au harusi, tazama shamba kwa dirisha la matatu. Mahindi yaliyodumaa huwa yanaonekana hata ukiwa umelala nusu.

Kwa ploti yetu mwaka huu tumeongezeka kutoka wanne hadi saba, kwa hivyo ni magunia mawili. Mwenye daftari ni yule wa chumba namba tatu, kwa sababu ndiye pekee ambaye hajawahi kukopa mtu. Ishirini zinatumwa kila jioni kabla ya saa mbili, na anayekosa siku tatu mfululizo anabeba gunia kutoka stejini mwenyewe.